Nusu ya Ngapi

Daktari ananichorea waya.
Kalamu ya buluu, duara ndani ya duara:
hii neva, hili ganda lake,
na kinga ya mwili wako, Bwana Shekue,
ndiyo inayolitafuna ganda.

Namwachia amalize. Ni kijana, amejiandaa.
Miaka kumi na tisa nimevuta nyaya
kwenye dari za Dundee,
chali juu ya vumbi la watu waliokwisha kuhama,
nikitafuta panya alipong'ata.
Waya uliochubuka naujua kwa harufu.
Na sheria yake ya kwanza: zima, ndipo uguse.
Mimi nani atanizima?

Ilianza na jicho la kushoto.
Waya mwekundu ukawa rangi ya chai iliyolala.
Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili,
nikashuka ngazi taratibu
nikamwambia bosi nimeshiba vumbi.
Kisha ganzi, kiunoni, kama mkanda wa mtu mwingine.
Kisha uchovu. Si ule wa kazi.
Ule wa kazi ukilala unaondoka;
huu unakutangulia kitandani.

Kutoka Tanga binamu yangu Mbwana ametuma sauti:
habasoda, asali, na kuna mtu Pangani.
Nampenda Mbwana. Nikamuuliza,
amewaponya wangapi,
na wangapi hawakurudi kusema?
Akacheka. Salio likaisha, au alikata.

Na daktari naye:
Dawa hii inapunguza mashambulizi kwa nusu.
Nusu ya ngapi?
Akageukia kompyuta.

Kwetu mgonjwa haulizwi uji.
Unaletewa, unakunywa, unashukuru.
Hapa naulizwa, na kwa kweli
siku ya kwanza nilitamani kuletewa tu.

Ni muuguzi, Eilidh, aliyevuta kiti.
Akachora nukta mia, safu kumi za kumi.
Hawa, bila dawa, mwaka huu watashambuliwa.
Hawa dawa itawaepusha.
Hawa itawapita, wataugua hivyo hivyo.
Na huyu hapa pembeni, ini.
Na huyu, maambukizi mabaya, adimu, lakini yupo.
Mimi ni yupi?
Hilo, akasema, hakuna ajuaye.
Akanisogezea karatasi niende nayo.

Mezani Raya, miaka kumi na mmoja,
kapiga mistari kwenye daftari la hesabu:
vidonge, sindano, dripu, kusubiri.
Kusubiri nilimwambia akuandike.
Kusubiri nako ni dawa, nako kuna madhara yake.
Mama yake anamenya viazi, haangalii:
Sindano, mkono ukitetemeka, atakuchoma nani?
Kimya.
Si mimi? Basi niandike na mimi humo.
Raya akamwandika. Kwa penseli.

Nilitaka safu moja tu, ya ngazi:
ipi itaniacha nipande?
Hakuna inayorudisha kilicholiwa.
Zinamzuia panya, na si usiku wote.

Tumekaa nayo wiki tatu.
Nimepigia simu mara mbili, kuuliza chanjo,
kuuliza nikighairi katikati itakuwaje.
Nimechagua dripu, mara mbili kwa mwaka.
Si kwa ushujaa. Nasahau vidonge,
na mwanangu asione sindano kwenye friji
kila afuatapo maziwa.
Nikatia sahihi; haikufanana na yangu, wakaikubali.

Kuna kisanduku kimoja chini kabisa
Raya alikiandika *hatujui*,
akaniuliza akifute.
Kiache, nikasema. Hicho ndicho kikubwa.

Na sasa, mimi wa Tanga, joto ndilo adui:
maji ya moto yakinigusa, miguu inanikana.
Naoga vuguvugu, dirisha wazi,
upepo wa mto Tay unaingia bila hodi,
na Mwanakombo mlangoni na taulo, anagomba,
utakufa na baridi wewe,
huku ananishika bega, la kulia,
lile linalosikia.